Taa ya Upande wa Jikoni

Mimi nauza mapazia sokoni Mwanjelwa, na muuza mapazia ana ugonjwa mmoja: hawezi kuingia nyumba ya mtu akakaa kama binadamu wa kawaida. Naingia, nasalimia, nakaribishwa kiti, na kabla sijauliza habari za watoto macho yangu yameshapanda dirishani, yakashuka sakafuni, yakamalizia darini. Nimeshahukumu. Katika miaka yangu ya kuhukumu nyumba za watu nilifikia uamuzi kwamba kinachomkaribisha mgeni si kochi wala zulia, ni taa. Pazia lenyewe, hata liwe la bei gani, bila taa ya maana ni shuka tu limening'inizwa.

Imani hii nilitoka nayo nyumbani Iringa. Kijijini kwetu kuna baridi ya kumfanya mtu azeeke mapema, na mama yangu alikuwa na chemli moja aliyoipenda kuliko baadhi ya watoto wake. Jioni mgeni akitarajiwa, kioo cha chemli kilisuguliwa kwa majivu, utambi ukakatwa vizuri, taa ikawekwa dirishani. Mama alisema ukimwacha mgeni apige hodi kwenye nyumba yenye giza, umeshamwambia arudi alikotoka. Kwake giza lilikuwa tusi. Nikaolewa nikiwa na masufuria, magodoro na fundisho hilo.

Niliolewa na Mnyakyusa, mtu wa Rungwe, anayeshughulika na mbegu za viazi na anayeweza kuzizungumzia mpaka uji ugande. Tunaishi Uyole. Nampenda, na ndugu zake wananipenda, lakini kuna jambo kwao lilinipa shida tangu siku ya kwanza. Kwa Wanyakyusa wa zamani, mke wa mtu na baba mkwe wake hawaonani uso kwa uso. Si ugomvi, ni heshima. Mkikutana njiani, wewe mke ndiye unayekimbilia kwenye migomba. Hamkai chumba kimoja, hamli pamoja, na jina lake hulitamki. Kwetu Uheheni nilizoea kwamba heshima ni kupiga goti, ukishainuka mnaendelea na maongezi. Huku goti ni mwanzo tu wa kupotea.

Vijana wa siku hizi wameilegeza sana. Nina rafiki anapiga picha na baba mkwe wake, wote wanatoa meno, na mvua inaendelea kunyesha Tukuyu kama kawaida. Baba mkwe wangu hakuwa wa kundi hilo. Alikuwa mzee wa kanisa, mtu wa koti na kofia, na alichorithi kwa baba yake alikishika kwa mikono miwili.

Kwa hiyo nilimjua kwa sauti. Tulipokwenda kwao Rungwe mimi nilikaa jikoni na mama mkwe, mzee akakaa barazani, ukuta katikati. Na mzee yule alikuwa msimuliaji! Alikuwa na kisa cha mchungaji na nyuki ambacho nimekisikia mara nyingi sana na kila mara nilicheka nikiwa nimeuma kanga ili sauti isitoke nje. Ilipofika wakati wa kupeleka chakula, mama mkwe alikuwa na tabia ya kuiondoa koroboi kwenye meza ya barazani, akaishusha sakafuni nyuma ya mlango, ndipo aniite niingie na bakuli la ndizi. Niliingia nikipapasa, nikaweka, nikatoka. Moyoni nilisema, mama huyu anabana mafuta ya taa.

Mama mkwe akafariki. Mzee akabaki peke yake kwenye nyumba ile, na kifua chake hakipatani na ukungu wa kule. Msimu wa mvua uliofuata akateleza uani, akakaa kwenye tope hajiwezi mpaka jirani alipopita kuomba moto. Mume wangu alirudi kutoka kumwangalia akiwa kimya, na mume wangu akiwa kimya ujue hata viazi vimemshinda.

Tulimwomba mzee aje akae kwetu moja kwa moja. Alikubali nusu. Alisema atakuja kutembea tu, mpaka baridi ipungue, nyumba ikimkataa atarudi kwake. Mume wangu akamwambia basi tubebe na kile kiti chako cha mninga, chenye mgongo mrefu, utakikalia kule. Mzee akacheka. "Mwanangu," akasema, "kiti hakiendi kutembea." Kiti kikabaki Rungwe.

Niseme wazi: nilitaka abaki. Si kwa ajili ya sifa, ingawa sifa sizikatai. Baba yangu mzazi alifariki nikiwa mdogo hata sura yake naiazima kwenye picha, na ile sauti ya nyuma ya ukuta ndiyo iliyokuwa karibu zaidi na baba niliyebakiwa naye. Nilimwaza amekaa kwenye tope akingoja jirani aishiwe moto, na nikaapa kwamba nyumba yangu haitamkataa. Nikaanza na ninachokijua. Nikaanza na taa.

Nilimwita fundi. Fundi huyu ni mtu mzima mwenye kitambi na maoni, na mapenzi yake makubwa duniani ni jipsamu. Ukimwita kwa bomba la choo, atakushauri jipsamu. Alisimama katikati ya sebule yangu mikono kiunoni, akaitazama dari kwa huruma.

"Mama, hapa tunapiga jipsamu, tunazungusha taa kwa ndani, unaziendesha kwa rimoti. Nyekundu, bluu, kijani, unavyojisikia. Mgeni akiingia anajua kaingia kwa watu."

"Mgeni mwenyewe ni baba mkwe."

"Basi ndo usicheze kabisa! Na ukutani tunaweka taa mbili, zile nyeupe kali. Moja juu ya kochi lake, moja huku upande wa jikoni, mlango unapoingilia. Akitaka kusoma Biblia asome. Akitaka kuona nani anamletea chai, anamwona."

Hapo masikio yangu yangesimama kama yangekuwa na akili. Hayakusimama. Nilikuwa nimeshaiona sebule inavyong'aa, na mimi nikishaona kitu kichwani huwezi kunirudisha. Fundi akapiga jipsamu, akazungusha taa, akaweka zile mbili za ukutani. Tulipowasha zote pamoja, sebule ikawa uwanja wa mpira siku ya mechi ya jioni. Mume wangu alitoka chumbani akajikinga macho kwa mkono na kuuliza timu gani zinacheza.

Mzee akafika jioni, mume wangu akimshikia mfuko. Mimi nilikuwa nimewasha kila kitu kinachowaka, mpaka ya stoo, kisha nikajificha mahali pa heshima, yaani nyuma ya pazia linalotenga sebule na jikoni. Ni pazia langu mwenyewe, jepesi, la maua, nilikuwa nalisifia dukani kwamba linapitisha hewa. Sikuwaza kwamba linapitisha na mambo mengine. Nyuma yangu taa ya jikoni inawaka, mbele yangu ya ukutani inawaka, nami nimesimama katikati nimejikunja kwa adabu, nikiamini sionekani.

Mzee akaingia. Akaketi. Kisha nikasikia ile sauti ya barazani, taratibu kabisa, ikimwambia mume wangu:

"Mwanangu, pazia lenu lina miguu."

Mume wangu akakohoa.

"Tena limevaa kandambili," mzee akamalizia.

Nilikimbia kwa mlango wa nyuma mpaka kwenye bustani ya mchicha. Nilicheka huku nimeinama, halafu nikaona aibu, halafu nikacheka tena. Nilijiambia hii ni dalili nzuri, mzee ametania, nyumba imemkubali. Niliporudi ndani kwa kunyata, mzee alikuwa ameshaingia chumbani kwake na mlango umefungwa. Alikula humo humo.

Na huo ukawa mtindo. Mchana mzee alijizungusha uani, akaota jua, akaongea na majirani. Jua likishaanza kuinama na mimi nikianza kuwasha taa, alichukua kofia yake akaingia chumbani. Sebule ikang'aa bila mtu. Mume wangu akakaa upande mmoja na viazi vyake kichwani, mimi jikoni, na ile dari ikibadilika bluu, kijani, nyekundu, ikimkaribisha nani sijui.

Watoto wetu wako shule za bweni, mume wangu anatoka asubuhi. Tulibaki watatu: mimi, mzee na paka. Kwa kuwa kuzungumza na mzee moja kwa moja sikuruhusiwa, na mtu mzima haachwi bila kuambiwa kwamba uji uko tayari, nilimpa kazi paka.

"Paka," nasema kwa sauti kubwa nikiwa koridoni, "mwambie baba uji upo mezani, usipoe."

Ndani ya chumba mzee anakohoa mara moja. Hilo lilikuwa jibu.

"Paka, mwambie baba leo kuna jua, blanketi tulianike."

Anakohoa. Paka mwenyewe alikuwa ananitazama kwa dharau, kwa sababu hakuna hata mara moja alipopewa kitu kwa usumbufu huo.

Wiki zikapita hivyo, baridi ikaanza kupungua, na jioni moja mume wangu akaja jikoni akasimama bila kushika kitu. Alisema baba anaisifu sana nyumba. Nyumba ni nzuri mno, amesema. Halafu ameomba mvua za kwanza zikianza arudishwe kwake Rungwe.

"Kwa nini?" nikauliza.

"Anasema hapa anawabana watu."

Nilikasirika. Niliumia pia, lakini kukasirika nakujua zaidi. Na nikafanya ninachofanya nikikasirika, nikaongeza mwanga. Nilikwenda Mwanjelwa nikanunua balbu kali kuliko ile ya mwanzo, nikaipachika upande wa jikoni, ili mzee asipate hata kona moja ya kusema amekaribishwa nusu.

Balbu ile ikafa siku hiyo hiyo. Kesho yake nikaipangusa ikawaka, kesho kutwa ikafa tena. Isitoshe rimoti ya jipsamu ikapotea, tukapindua mito ya makochi yote na hatukuipata, kwa hiyo dari nayo ikalala. Ikabaki taa moja tu, ile ya juu ya kochi la mzee, ambayo haikuugua hata kidogo. Nikamwita fundi. Akapanda stuli, akaigusa balbu, ikawaka.

"Nzima hii, mama. Imelegea tu."

"Balbu inalegeaje yenyewe?"

"Malori hayo. Hapa Uyole malori ya Zambia yanapita usiku na mchana, nyumba inatikisika, balbu inajifungua."

"Na ya upande wa pili mbona haijifungui?"

Akafikiri. "Ile iko mbali na barabara."

Sebule yangu unaivuka kwa hatua chache. Nilimwambia fundi kwamba kama malori yanachagua balbu, basi na yeye yatamchagua. Aliondoka akinishauri tuweke jipsamu na koridoni. Balbu ikafa tena jioni. Nikamwita tena. Tulifika mahali watoto wa jirani wakimwona fundi na begi lake wanasema, anakwenda kwa mama balbu.

Siku moja umeme ulikatika Mwanjelwa alasiri, cherehani zikasimama, nikafunga duka na kurudi mapema. Nilipita kwa uani kwa sababu viatu vilikuwa na vumbi. Dirisha la sebule lilikuwa wazi na pazia limefungwa nusu. Nikaona koti. Nikasogea.

Baba mkwe wangu, mzee wa kanisa, mwenye kofia kichwani, alikuwa amesimama chini ya taa ya upande wa jikoni, ameinua mkono, na mkononi ana leso. Aliizungusha balbu kwa leso, kidogo. Akairudisha mfukoni ile leso. Akaenda kwenye kochi lake, akaketi, akautazama mlango wa jikoni kama mtu anayepima. Hakuridhika. Akanyanyuka tena, akaizungusha kidogo zaidi, ikazimika, kisha akaketi na kushusha pumzi.

Kwanza nilichemka. Nikasema moyoni, kumbe! Fundi wa watu nimemtukana mpaka kwa malori, na mwizi wa mwanga ninaye ndani, nampikia uji wa ulezi! Nilikuwa nimeshafungua mdomo nimwambie paka maneno mazito. Kisha nikaona jambo ambalo lilikuwa mbele yangu siku zote, nikabaki nimesimama kwenye mchicha na viatu vyenye vumbi.

Taa ya juu ya kochi lake hakuigusa.

Mtu anayetaka kujificha anazima taa yake. Mzee huyu hakuwa anajificha. Alikuwa ananificha mimi. Alizima pale ninapopita na sinia, pale ninaposimama, ili niweze kuingia kwenye sebule yangu mwenyewe bila yeye kuniona na bila kuvunja kitu alichokishika maisha yake yote. Nikazikumbuka zile jioni balbu ilipokufa. Ni jioni hizo hizo mzee aliketi sebuleni. Alikula mezani. Usiku mmoja wa balbu kufa nilimsikia akianza hata kisa cha mchungaji na nyuki. Na mimi, mwenye nyumba, kila kesho yake nilimwita fundi aje kuirudisha taa inayomfukuza.

Hapo ndipo nilipomwelewa na mama mkwe, Mungu amrehemu. Koroboi ile hakuishusha kwa ubahili. Alikuwa anaitawala nyumba yake kwa utambi mmoja: mume barazani aone chakula, mkwe apite asionekane, wote wawe nyumba moja, mtu asikimbilie kwenye migomba. Nilipitishwa kwenye giza lile miaka yote nikamhesabia mafuta ya taa. Niliona haya, na nilimkumbuka mpaka machozi yakanitoka pale pale bustanini. Jirani akauliza kuna nini. Nikamwambia mchicha umeingia wadudu.

Sikumwambia mzee kwamba nimemwona. Ningemwambiaje? Hata paka hatumwi neno la namna hiyo. Lakini siku zilikuwa zinakwisha, mawingu yalishaanza kujikusanya juu ya milima, na mume wangu alikuwa amepanga Jumamosi kumrudisha baba yake. Mtu mwingine angelegeza tu ile balbu akaacha. Mimi ni muuza mapazia. Nikiharibu chumba kwa vitu, nakitengeneza kwa vitu.

Nilikuwa na safari ya kumwangalia mama Iringa, nikaiwahisha. Mjini nilipita kwenye duka la vifaa vya umeme la mama mmoja wa Kihindi, familia iliyokaa pale tangu babu zao, anayekusalimia "Kamwene" kabla hujakanyaga ngazi, na Kihehe chake kinawashinda watoto wangu. Nilimwambia nataka balbu dhaifu kuliko zote alizonazo.

Akanitazama juu ya miwani. "Watu wote wanakuja hapa kutaka kali. Wewe unataka dhaifu?"

"Dhaifu. Na iwe ya njano."

Akainama chini ya kaunta akatoa boksi lenye vumbi. "Hizi zimelala sana. Wateja wanasema zinafanana na kibatari, wameshatoka huko, hawataki kurudi."

"Nipe," nikasema. "Mimi narudi."

Kwa mama nilichukua kikapu. Vile vikapu vyetu vya Iringa, vya nyasi ya milulu, vilivyosukwa vikabana, lakini hiki kilikuwa cha zamani, kimeachia kidogo na kupitisha vitundu vidogo vya mwanga. Mama alipoona nakigeuza chini juu na kukishikilia kwenye balbu, alishusha kikombe.

"Kikapu ni cha kubebea mahindi," akasema.

"Hiki kitabeba taa, mama."

"Nilikufundisha kuiweka taa dirishani. Sasa unaifunika?"

Nilijaribu kumweleza habari za mzee, heshima ya Kinyakyusa, leso na balbu. Alisikiliza, akanywa funda la chai, akasema Wanyakyusa wana mambo. Kisha akakipangusa kile kikapu vumbi kwa kanga yake, akanikabidhi.

Nilirudi Uyole Ijumaa mchana, na siku hiyo mvua ya kwanza ikaanza. Mzee alikuwa ameshafunga mfuko wake, umeegemezwa mlangoni mwa chumba. Sikuutazama. Nilipeleka kigoda sebuleni, nikakiweka karibu na kochi lake, chini kabisa, juu yake nikapachika ile balbu ya njano kwenye holda ya waya na kuifunika kwa kikapu. Taa zote mbili za ukutani nilizizima mwenyewe, kwa swichi, kama watu wastaarabu. Kisha nikapeleka stuli yangu kwenye mlango wa jikoni, nikakaa kujaribu. Mwanga ulifika kwenye miguu ya kochi, ukapanda mezani mpaka kwenye vikombe, ukachoka kabla haujanifikia. Lile pazia la maua nilikuwa nimelishusha mchana ule ule. Sasa ni shuka la paka.

Mume wangu aliporudi alikizunguka kikapu mara mbili. Aliuliza kuku ameatamia mayai mangapi. Nilimwambia akae, anyamaze, na asiwashe kitu.

Jioni ikaingia. Sikuwasha kitu kingine. Nilisikia mlango wa chumba cha mzee ukifunguka, nikasikia hatua zikifika sebuleni, zikasimama. Niliinamisha kichwa. Nikadhani amegeuka. Kisha kochi likalia, na chini ya mwanga wa kikapu nikaona viatu vyake vikijinyoosha mbele, kimoja juu ya kingine, kama vya mtu aliye kwake.

Nikaingia na sinia. Mbalaga, zile ndizi za kupika za kwao, maharage, na chai ya tangawizi. Nikaweka, nikarudi kwenye stuli yangu gizani. Hakuna aliyekimbia.

"Paka," nikasema, "mwambie baba karibu chakula."

Nilingoja kikohozi. Hakukohoa.

"Paka," ikasema ile sauti ya barazani, "mwambie mama ndaga fijo, namshukuru sana. Na mwambie hii taa imefundishwa adabu."

Mume wangu akainamia sahani. Nilimwona mabega yanatikisika.

Tulikula, wao mezani, mimi sahani mapajani, na mvua ikizidi juu ya bati. Katikati ya chai mzee akaanza kisa cha mchungaji na nyuki. Nilikuwa na kanga, nikaitafuta niiume, halafu nikaiacha. Nilicheka kwa sauti yangu yote. Mzee akanyamaza kidogo, kama msimuliaji aliyesikia watu wameongezeka barazani, kisha akakirefusha kile kisa kwa nyuki ambao sijawahi kuwasikia kabla.

Alipomaliza, aliingiza mkono ndani ya koti akatoa kitu, akakiweka mezani chini ya mwanga. Ilikuwa rimoti.

"Paka, mwambie mama nimekiokota hiki. Sijui ni cha nani."

"Paka," nikamjibu, "mwambie baba hata sisi hatukijui. Akitupe tu."

Tukacheka wote watatu. Kicheko kilipokwisha nilijua kila mmoja wetu anaufikiria ule mfuko uliofungwa. Nilitaka kusema neno, nikakosa la kumtuma paka.

Mzee akajiweka sawa kwenye kochi.

"Paka," akasema, polepole zaidi, "muulize mama. Kile kiti changu cha Rungwe. Kikiletwa, kitakaa wapi?"

Nikageuka kumtafuta paka, nimpe jibu. Hakuwa chini ya meza. Hakuwa kwenye zulia. Hapo tukamsikia wote, analia nje mlangoni, kwenye mvua, kwa hasira ya mtu aliyesahauliwa tangu jioni.

Mume wangu hakuinuka. Mzee alikunja mikono mapajani. Alikuwa anangoja, na mwanga ulikuwa mikononi mwake.

"Hapo hapo ulipo, baba," nikasema. "Karibu na kikapu."